Asali ya Uwanja wa Mwangangi

Watu wa Loresho, mtaa wa wenye nacho jijini Nairobi, walimjua Syokau, mjane wa Mwangangi, kwa ufagio wake. Alikuwa amestaafu kazi ya mwalimu mkuu wa shule ya wasichana. Alikuwa amesoma jiografia chuo kikuu siku ambazo msichana wa Mbooni, Ukambani, aliyefika huko aliombewa kanisani kwa jina, na hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Lakini kila kulipokucha, kabla ya chai na kabla ya redio, alijifunga leso kiunoni, akatoka nje, akainama, akafagia uwanja wake mwenyewe kutoka mlangoni hadi langoni. Kazi hiyo hakumwachia mtu.

Uwanja wenyewe ulikuwa udongo mtupu. Majirani wote walikuwa na nyasi za kukatwa kwa mashine na maua ya kumwagiliwa kwa mpira. Kwa Mwangangi palikuwa pekundu, pagumu, pamesawazika kama sakafu, hapana jani. Ndivyo alivyotaka mama mkwe wake alipokuja kukaa nao. Bibi yule alisema nyasi mlangoni ni kitanda cha nyoka, na kwamba mgeni huisoma nyumba kwa alama za ufagio kabla hajabisha hodi. Mwangangi, mpima ardhi wa serikali na mtu wa maneno machache, akashika jembe akazing'oa nyasi zote ili mama yake apate usingizi. Bibi alifariki, Mwangangi naye akafuata, na nyasi hazikurudi. Kwa Syokau, uwanja ule ndio uliokuwa jina la nyumba. Ndugu wa marehemu waliokuja wakitazamia kumkuta mjane amelegea walikuta alama za ufagio zimelala sambamba, wakanywa chai wakaenda zao, wakikosa pa kuanzia.

Kwa hiyo alipoona vichuguu vya kwanza uwanjani, Januari, mvua za vuli zikiwa zimekwisha na jua limeanza kuchoma, roho ilimchafuka.

Vilikuwa vidogo, kila kimoja si kikubwa kuliko kifuniko cha soda. Udongo laini ulikuwa umetemwa nje, na katikati mna tundu la kuingia penseli. Alivifagia. Kufika adhuhuri vilikuwa vimerudi, na ndugu zao. Akachutama kutazama. Kichwa cheusi chenye nywele kikachungulia tunduni, kikakaa kidogo kama mtu anayemtathmini mgeni, kikazama. Kisha mdudu yule yule akaja kinyumenyume, akisukuma donge la udongo kwa matako yake hadi nje, kwenye uwanja uliofagiwa.

Alimwaga maji ya moto, akamwaga maji ya sabuni. Wadudu wale, nyuki wa namna asiyoijua, walitoka pembeni. Hakumwambia mtu. Nyumba inayotoka wadudu ardhini ni nyumba ya kusemwa, na yeye alikuwa ameishi miaka yote hiyo bila kusemwa.

Aliyeifichua siri alikuwa mchumba wa bintiye.

Kaluki, kitindamimba wake, alikuwa akifanya kazi ofisini katikati ya jiji, na kwa muda mrefu alikuwa akimtaja kijana mmoja, Jackton Odhiambo, Mjaluo mwenye shahada mbili, anayefanya utafiti. Syokau alikuwa amejichorea picha ya koti jeupe na vioo vya maabara. Siku kijana alipoletwa nyumbani mara ya kwanza, sebuleni alikuwamo pia Bi. Mukonyo wa Lavington, mwenzake wa ushirika wa akina mama, mwanamke ambaye akiona doa kwenye kikombe chako Jumapili, Jumatatu doa hilo limekwisha vuka barabara ya Waiyaki. Jackton aliingia, akasalimu vizuri, akakaa. Akatazama dirishani. Akaomba radhi, akatoka nje. Walipomtazama tena, alikuwa amelala kifudifudi katikati ya uwanja.

"Kaluki," Syokau alisema, "huyo mtu ameanguka?"

"Hapana, Mama. Anaangalia."

"Anaangalia nini kwa tumbo?"

"Labda amedondosha pete," alisema Bi. Mukonyo, akishusha kikombe apate kuona vizuri.

Walitoka. Shati la kijana lilikuwa limeshika udongo kifuani kote. Alipowasikia aliinuka nusu, akanyoosha mkono, na Syokau akaona juu ya mkono huo nyuki mmoja ametua, ulimi nje, akilamba.

"Anafanya nini huyo?"

"Anakunywa jasho, Mama. Anatafuta chumvi." Jackton alisema hayo kwa uso mkunjufu, kama anayemtambulisha rafiki. "Mama, hapa kwako ni maajabu. Hii nyuki nimeitafuta Nairobi nzima."

Syokau alirudi hatua moja nyuma. Hakutaka kusikia, lakini Bi. Mukonyo aliuliza hili na lile, na kijana akajibu kila swali. Alisema nyuki hawa hawana mzinga wala malkia. Kila jike huchimba shimo lake peke yake, na ubavuni mwa shimo anachonga vyumba, kila chumba kama punje ya haragwe. Ukuta wa chumba anaupaka kwa ulimi, kwa ute unaotoka mwilini mwake, ili unyevu usipenye. Halafu analeta chavua, anaifinyanga donge, anataga yai moja juu yake, anaziba mlango na kuanza kingine. Mtoto hatamwona mama yake kamwe.

"Na dume?" Bi. Mukonyo aliuliza.

"Dume hachimbi. Anazunguka tu hapa juu juu."

"Hata huko," alisema Bi. Mukonyo.

Syokau hakucheka. Alikuwa akiufikiria ule ute. "Na wako wapi wengine?" aliuliza, akitumaini kusikia kwamba mtaa mzima umevamiwa.

"Hapo ndipo kazi yangu ilipo, Mama. Katikati ya jiji hakuna, kote ni saruji. Lavington nimeomba kuingia nyumba nyingi, sijapata hata tundu moja, ni nyasi tupu. Loresho ni hapa kwako tu. Mahali pengine nilipowakuta wengi hivi ni Ngara, kando ya reli, pale watu wamekanyaga njia."

"Lavington hakuna hata mmoja," Bi. Mukonyo alirudia taratibu, kama anayeonja.

"Kwa hiyo," Syokau alisema, "uwanja wa Mwangangi na kando ya reli ya Ngara ni kitu kimoja."

"Kwa nyuki, ndiyo, Mama."

Kaluki alifumba macho.

Hata hivyo Syokau hakumkataa. Kumkataa mtu kwa sababu ya shati chafu ni kazi ya wasiosoma. Kijana alikuwa na adabu, hakuwa mlevi, na Kaluki alikuwa amekwisha amua. Alimruhusu hata kuchomeka vijiti vya kuchokolea meno, vyenye uzi mwekundu, kando ya matundu, ili ajue ni mama yupi amerudi na yupi amekufa. Kutoka siku hiyo Syokau alifagia akivizunguka vijiti vile akiwa amebana midomo, kama mtu anayefagia karibu na matapishi ya mgeni.

"Asali wanatengeneza?" alimuuliza siku moja, kwa kukosa la kusema.

"Hapana, Mama. Hawa hawana asali kabisa. Ni lile donge tu la mtoto."

Neno hilo akaliweka.

Siku ya ntheo ilipangwa. Kwa Wakamba, mpaka mbuzi wa ntheo waletwe, msichana bado ni wa kwao hata kama amezaa. Na mbuzi hao hawapokelewi na mama. Syokau angeweza kuongoza mkutano wa walimu wa wilaya nzima, lakini siku hiyo asingeweza kufungua mdomo kuhusu binti aliyemzaa. Ilitakiwa sauti ya mwanamume wa ukoo, na aliyebaki wa tumbo moja na marehemu alikuwa Mutie, mdogo wake.

Mutie alifika juma moja kabla, na begi la kamba na kikohozi kikubwa. Alikuwa mtu wa mizinga. Huko Mbooni alikuwa na mizinga ya magogo kwenye kila mti uliokubali, na wakati wote wa maisha yake alikuwa hajala asali ya dukani. Syokau hakumpenda. Alikula kwa sauti, alijikuna kwapa akizungumza, na alikuwa na desturi ya kupangusa vidole kwenye nywele zake. Lakini alijua kuzungumza mbele ya wageni, na bila yeye hakuna ntheo.

Asubuhi ya kwanza alisimama uwanjani na mswaki mdomoni. Akatazama chini. Akautoa mswaki.

"Shemeji. Mbona hukuniambia una nyuki?"

"Ni wadudu tu."

"Wadudu?" Alichutama. "Hawa ni wale wa ardhini. Tulipokuwa tunachunga tulikuwa tunatia unyasi tunduni, tunachimba tukiufuata, mpaka unafika kwenye asali. Asali ya wale si ya kuila na mkate, shemeji. Ile ni dawa. Kaka yangu aliacha hazina hapa, na wewe unaifagia."

Na ni kweli kwamba Ukambani wapo nyuki wadogo wasio na mwiba wanaoweka asali chini ya ardhi, na kila mvulana aliyechunga mbuzi amewachimba. Mtu wa kwao akiona nyuki haulizi jina lao, huuliza asali iko upande gani.

"Jackton alisema hawa hawana asali," Syokau alimwambia.

"Mtu wa ziwani anifundishe mimi nyuki? Basi na mimi nimfundishe samaki."

Syokau alirudi kwenye ufagio wake. Angeweza kusisitiza, alikuwa amesisitiza mbele ya wakaguzi wa elimu. Lakini ndani yake mlikuwa na sehemu iliyofurahi kusikia kwamba pengine kijana yule, na ute wake na madonge yake, amekosea. Siku hiyo hiyo akamsikia Mutie sebuleni akizungumza kwa simu na Mzee Odhiambo, baba mdogo wa Jackton, aliyekuwa na duka la vyombo Ngara na ndiye angeongoza wageni.

"Asali msilete," Mutie alikuwa akisema. "Asali mtaikuta. Inachimbwa hapa hapa uwanjani kwa marehemu kaka yangu. Nyinyi leteni mbuzi, na hao mbuzi wasiwe wametembea sana."

Kicheko cha Mzee Odhiambo kilisikika hadi jikoni.

Jioni hiyo Bi. Mukonyo naye alikuwa amekwisha kupata habari. "Nasikia mnachimba asali," alisema kwa simu. "Nitakuja mapema."

Siku moja kabla ya wageni, Syokau alikwenda Lavington kwenye ushirika wa akina mama. Aliporudi na kufungua lango, hakuuona uwanja. Aliona shimo. Lilikuwa linafika magotini, na pembeni yake rundo la udongo mwekundu limemwagwa hovyo hadi kwenye ngazi ya mlango. Mutie alikuwa amepiga magoti ndani, unyasi mkononi, jasho likimtiririka puani. Vijiti vya Jackton vilikuwa vimelundikwa kando kama mifupa ya samaki.

"Niko karibu," Mutie alisema bila kuinua kichwa.

Syokau alisogea akatazama. Kwenye ukuta wa shimo vyumba vilikuwa vimepasuliwa, vinang'aa kwa ndani kana kwamba vimepakwa mate. Ndani ya kila kimoja mlikuwa na donge la manjano, na juu ya donge limejikunja buu jeupe, nene, lisilo na macho, linatikisika kidogo kwa sababu ya mwanga. Mabuu mengine yalikuwa yamepondwa na jembe. Maji yao yalikuwa yamechanganyika na udongo.

Mutie akachukua donge moja, akalipuliza buu likadondoka, akalitia donge mdomoni. Akatafuna.

Syokau aligeuka akashika ukuta.

"Ni chachu kidogo," Mutie alisema. Akatema. Akachimbua jingine, akalinusa, akalitupa. Mikono yake ikaanza kwenda polepole, na hatimaye akakaa kwenye ukingo wa shimo, miguu ndani, unyasi ukiwa bado kwenye vidole.

"Hakuna," alisema.

"Uliambiwa."

"Shemeji, nimemwambia mzee wa watu. Nimewaambia na wa nyumbani. Kesho nitasimama kuzungumza mbele ya watu ambao wamekwisha niona mwongo. Neno gani nitalisema lishikwe? Watataja mbuzi, mimi nitajibu nini?" Akapangusa vidole kwenye nywele. "Na hawatasema Mutie. Watasema kwa Mwangangi."

Hilo ndilo lililomfikia. Alimtazama mtu yule mwenye chavua kwenye meno, akamchukia kwa moyo safi, na akajua kwamba amesema kweli. Jina lilikuwa lao wote wawili, kama choo cha pamoja.

"Fukia," alisema. "Fukia, ushindilie, umwagie maji. Kesho nitafagia."

Kaluki alikuwa amesimama mlangoni. "Mama, Jackton atajua."

"Jackton atanyamaza. Anaoa hapa."

Ilibidi asali ipatikane kabla ya wageni, na ya supamaketi isingefaa. Inang'aa mno na kila mtu anaijua. Ilitakiwa asali mbichi, yenye nta ndani yake, na inunuliwe mahali ambapo hakuna mtu wa Loresho wala Lavington anayekanyaga. Syokau aliliacha gari upande wa mjini, akavuka kwa miguu hadi Ngara, mkoba ameubana kwapani. Maji ya mtaro yalikuwa meusi. Mtu alimwita "mathe", kana kwamba ni mama yake, na mwingine akamgusa kiwiko kumwonyesha viatu vya mtumba. Kwenye kibanda kimoja alimkuta mama mmoja mwenye chupa zilizopangwa juu ya gunia, chupa za vinywaji vya watu wengine, karatasi zake zimekwanguliwa nusu. Aliinua moja kwenye mwanga. Ndani mlielea mguu wa nyuki.

"Hiyo ni ya Kitui kabisa," mama alisema, akipangusa shingo ya chupa kwa aproni iliyopangusa mengine kabla. "Ni ya sherehe?"

"Ni ya kifua," Syokau alisema.

Alikohoa kidogo ili maneno yapate mahali pa kukaa. Akaichukua chupa kwa kitambaa, na njia nzima ya kurudi alikuwa akikisikia kile kikohozi cha uongo kimekwama kooni kama unywele.

Kulipokucha alifagia. Mutie alikuwa ameshindilia vizuri, na ufagio ulifunika rangi ya udongo mpya kwa alama zake, ila pale palipokuwa na vijiti palikuwa patupu. Bi. Mukonyo alifika kwanza, akauzunguka uwanja kwa macho. Halafu wageni: Mzee Odhiambo, mwembamba, mwenye kofia ya kitambaa na macho ya mwenye duka, shangazi yake Jackton aitwaye Caren, Jackton mwenyewe ndani ya suti mpya, na mbuzi, ambao kweli walionekana hawajatembea sana.

Jackton aliposhuka garini hakutazama nyumba. Alitazama ardhi. Syokau alimwona akipatafuta pale, macho yakienda na kurudi, kisha akasimama tu, mikono imeshuka. Kijana akainua uso. Macho yao yakakutana. "Shikamoo, Mama," alisema, na sauti yake haikuwa na lawama, jambo lililomkera Syokau kuliko lawama yenyewe.

Waliomba, wakala. Mutie alikuwa amevaa koti la marehemu, na alisimama akasema vizuri sana. Alisema habari za ukoo, za Mbooni, za kaka yake aliyepima ardhi ya watu na yake mwenyewe akaipenda hata akakataa kuivisha nyasi. Kisha akainua kibuyu cha mama yake, kile kibuyu cha zamani chenye mshipi wa shanga, akamwaga asali kwenye bakuli.

"Onjeni," alisema. "Jana ilikuwa chini ya miguu yenu."

Kijiko kikazunguka. Shangazi Caren akasema ni tamu. Bi. Mukonyo akasema inamkumbusha kitu. Mzee Odhiambo akaonja, akakaa na kijiko mdomoni, akafikiri. Akamgeukia Jackton.

"Wewe ndiye mtu wa nyuki. Tumelipa karo miaka yote hiyo ukalale kwenye mchanga. Sasa tuambie. Asali hii ni ya wale nyuki wako?"

Haikuwa mtego, mzee alitaka kujivunia mtoto wake mbele ya watu. Jackton alishika kijiko. Mutie alikuwa akimtazama kijana yule yule wa ziwani kwa macho ya kuomba, Kaluki alikuwa akitazama meza, na wote, Syokau akiwa wa kwanza wao, walikuwa wakingoja mtu huyo aingie katika familia yao kwa mlango wa uongo. Akijibu ndiyo, watakuwa wamempaka ute wao. Kinyaa kilichompata Syokau wakati huo hakikuwa cha mdudu yeyote.

"Usijibu," alisema.

Ilikuwa siku ambayo mama hasemi. Watu wote waligeuka.

"Hilo si swali lake. Asali hii niliinunua jana, Ngara. Nyuki wa hapa hawana asali, na yeye alituambia. Shemeji alichimba akapata mabuu. Vijiti vyako, Jackton, tuliving'oa, na vyumba vile vyote tumeviharibu."

Nzi alitua kwenye ukingo wa bakuli, na hakuna aliyemfukuza. Mutie aliweka kibuyu chini, polepole, akatoka nje.

Mzee Odhiambo alikilamba kijiko tena, kwa makini.

"Ngara wapi?"

"Kibandani. Kwa mama mmoja mwenye aproni ya maua."

"Anayeweka chupa juu ya gunia?"

"Huyo."

"Ah," alisema Mzee Odhiambo. "Yule anaongeza sukari. Ni jirani yangu. Mngeniuliza ningewaambia."

Shangazi Caren ndiye aliyeanza kucheka, halafu Bi. Mukonyo, ambaye alilia hadi akaomba kitambaa. Mzee mwenyewe hakucheka sana. "Kwa hiyo Loresho mnakuja kwetu Ngara kununua heshima," alisema. "Tena kwa bei ya rejareja. Sisi tuna bei ya jumla, wakwe." Syokau aliketi wima, mikono magotini, akaliacha kila neno limwangukie. Hakuwa na pa kujificha, na hakutafuta.

Lakini mbuzi walikuwa wangali langoni wamefungwa, na sauti ya nyumba ilikuwa imetoka nje. Bila Mutie, hakuna wa kusema "tumepokea". Wageni wangerudi na mbuzi wao, na siku hiyo ingebaki imesimuliwa hivyo milele. Syokau aliinuka akamfuata. Alimkuta nyuma ya tangi la maji, akitazama ukuta.

"Umenivua nguo mbele ya watu," Mutie alisema.

"Ulijivua mwenyewe, shemeji. Mimi nimekuonyesha tu shati lilipo."

"Rudi wewe ukaseme. Si unajua kusema."

"Mimi si wa ukoo wenu. Nimeolewa tu." Alilitazama koti. "Na koti la Mwangangi halijawahi kusimama nyuma ya tangi."

Mutie alivuta kamasi, akatafuta mahali pa kupangusa vidole. Syokau alimpa kitambaa chake mwenyewe, kile kilichoshika chupa, na kilipokwisha kutumika hakutaka kirudishwe.

Mutie alirudi ndani amekunja uso, akasema maneno machache tu, yasiyo na mapambo, na labda ndiyo sababu yalishika. Mbuzi wakapokelewa. Kaluki akawa ameposwa mbele ya mashahidi. Mzee Odhiambo, akiaga, alimshika Mutie bega akamwita "Bwana Asali," na Syokau akatambua, kwa uchungu wa mtu anayemeza mfupa, kwamba jina hilo litakaa. Upande wa pili wa ukwe, nyumba iliyoitwa kwa Mwangangi miaka yote hiyo ingeitwa kwa Asali ya Ngara, hadi wajukuu.

Wageni walipokuwa wakipanda magari, Jackton alikuwa amekwisha lala kifudifudi, na suti yake mpya, juu ya udongo ulioshindiliwa.

"Suti hiyo," Syokau alisema.

"Wapo, Mama. Huku pembeni hawakuguswa." Aliinuka, akajipangusa vibaya. "Wataanza upya. Udongo umelegezwa, hata umewafaa."

"Ungejibu nini pale mezani?"

Kijana alifikiri. "Sijui, Mama. Nilikuwa bado natafuta."

Syokau alikubali kwa kichwa. Ni jibu la mtu asiyejipamba. "Na sasa niambie. Nifanye nini waondoke?"

Jackton aliitazama ardhi. Alikuwa akiulizwa namna ya kuifuta kazi yake mwenyewe.

"Acha kufagia," alisema. "Wao hutaka ardhi tupu inayopata jua. Ukiacha nyasi ziote hapa, mwaka ujao wengi watahama. Hawakuja kwa uchafu, Mama. Ni huu ufagio."

Bi. Mukonyo, akiwa na mguu mmoja garini, alisikia. "Mimi nitakuletea mbegu," alisema. "Mtunza bustani wangu atakupandia. Utakuwa kama sisi wote."

Syokau alilitazama gari la Bi. Mukonyo likitoka, na nyasi zote za Lavington akaziona akilini, mbichi, laini, zenye kuficha kila kitu.

Kulipokucha alijifunga leso kiunoni, akatoka na ufagio. Karibu na ngazi ya mlango palikuwa na kichuguu kipya, na wakati alipoinama, nyuki mwenye shimo akatoka kinyumenyume akisukuma donge kwa matako yake, mweusi, mwenye nywele, bila aibu yoyote. Alilifagia lile donge. Nyuki akaleta jingine.

"Mchafu wee," alimwambia, akaendelea kufagia kuelekea langoni.